Waliomngoja Mzee Yuma

Katika kampuni ile ya kuyeyusha shaba, hapakuwa na mtu mweusi aliyekabidhiwa saa ya kupimia ila Adalbert peke yake. Saa hiyo ilikuwa ya chuma cheupe, ndogo kiasi cha kujaa kiganjani, na juu yake kitufe kimoja. Ukikibonyeza, mshale ulianza kukimbia. Ukikibonyeza tena, ulisimama. Wazungu waliiita kronometa. Adalbert aliivaa shingoni kwa uzi mweusi, vilevile alivyovaa msalaba wake zamani, alipokuwa mwalimu wa katekisimu kwa mapadri wa Baudouinville, kando ya Ziwa Tanganika.

Ulikuwa mwaka wa 1954. Bwana Delvigne, Mbelgiji mwembamba ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano, alikuwa amefungua ofisi yake katika chumba kirefu nyuma ya zahanati ya kambi ya Élisabethville. Kazi yake ilikuwa kupima akili na mikono ya wafanyakazi, ili kampuni ijue ni nani afundishwe kazi gani. Chombo chake kikubwa kilikuwa ubao wenye matundu kumi na mawili: la duara, la pembe tatu, la nyota, na mengine yenye sura zisizo na jina. Pembeni palikuwa na vipande kumi na viwili vya mbao. Mtu alitakiwa kukirudisha kila kipande katika tundu lake, upesi kadiri awezavyo, kisha ainue mkono. Adalbert angesoma saa na kuandika.

Siku ya kwanza Delvigne alimketisha karani wake na kumuuliza, kwa Kifaransa:

“Adalbert, nikikuambia kwamba mtu fulani amemaliza kwa sekunde hamsini, nimekuambia nini?”

“Umeniambia kwamba amemaliza kwa sekunde hamsini, Bwana.”

“Sijakuambia kitu. Hamsini ni nyingi, au ni chache? Huwezi kujua mpaka uwe na watu wa kumlinganisha nao. Kwa hiyo kwanza tutawapima wafanyakazi mia tatu na ishirini wa kila umri na kila kazi. Hao ndio watakaokuwa kipimo. Watakaokuja baadaye tutawaweka kando ya hao, na hapo ndipo namba itakapopata sauti.”

“Nimeelewa, Bwana.”

“Na kuna mambo ambayo tunayakubali kabla hatujaanza, wala hatuyapimi. Tunakubali kwamba kila mtu anafanya kwa nguvu zake zote, na kwamba anafanya peke yake, kwa ajili yake mwenyewe. Hayo yakikosekana, namba zetu ni chaki tu juu ya ubao.”

Maneno hayo yalimpendeza Adalbert. Yalimkumbusha namna mapadri walivyowafundisha kujichunguza dhamiri kabla ya kuungama: kila mtu mbele ya Mungu wake, peke yake, bila kumtazama jirani.

Wiki iliyofuata Delvigne aliitwa Kolwezi kwa siku ishirini. Ili muda usipotee, aliamuru wale mia tatu na ishirini wapimwe wanane wanane, kila mmoja na ubao wake. “Waketishe upendavyo,” alisema akipanda gari. “Wakae kimya tu, na saa iende sawasawa.”

Adalbert aliwaketisha kama alivyojua kuwa watu huketishwa. Mwenye umri mkubwa alikaa benchi la mbele, peke yake; nyuma yake watu wazima; na nyuma kabisa vijana. Hakuwaza hata kidogo juu ya jambo hilo, kwa kuwa hakuwa amewahi kuona watu wenye heshima wakiketi namna nyingine, kanisani, msibani wala barazani.

“Karani,” kijana mmoja aliuliza siku ya kwanza kwa Kiswahili cha kambini, akiokota ile nyota ya mbao, “haya mabao iko ya kuchezea bana ba Muzungu? Basi batuletee na maziwa.”

Watu walicheka. Adalbert hakucheka. “Hapa hakuna michezo,” alisema. “Tangu nitakapobonyeza saa, nisisikie neno. Mwenye kumaliza ainue mkono.”

Hawakusema neno. Makundi arobaini yalipita, na kila kundi lilifanya kazi kwa utulivu uliomjaza fahari. Mikono iliinuka kwa taratibu nzuri, ule wa mbele kwanza, kisha mingine, mmoja baada ya mwingine. Aliona utaratibu, na kwa kuwa utaratibu ulimpendeza tangu utoto, hakuuliza ulitoka wapi.

Delvigne aliporudi, alizichukua karatasi zote arobaini, akazikusanya sekunde zote pamoja bila kujali kundi, akazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchora jedwali. Theluthi ya watu, wale waliotangulia, walikuwa wamemaliza kwa sekunde hamsini na tano au pungufu. Basi mstari ukapigwa hapo. Atakayeomba kufundishwa mashine ya juu, ile iliyotembea chini ya paa la kiwanda ikibeba vyungu vya shaba iliyoyeyuka, ilimpasa amalize kwa hamsini na tano, au arudi alikotoka. Waombaji walipimwa mmoja mmoja, mezani, uso kwa uso na Adalbert.

Waliomba sitini. Walipita arobaini na mmoja, na Delvigne akashangaa kwa furaha. “Mwaka huu tumepata watu hodari,” alisema.

Miongoni mwa hao arobaini na mmoja alikuwamo Constantin, mume wa Claudine, binti wa kwanza wa Adalbert. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na kwa miaka saba alikuwa akisukuma koleo mbele ya tanuru. Mapafu yake yalikwisha kuanza kulia usiku kama mlango wenye kutu. Mashine ya juu ilikuwa na kibanda chake, na kiti, na dirisha. Alimaliza kwa sekunde hamsini na tatu. Adalbert aliandika hamsini na tatu. Hakuongeza wala hakupunguza.

Mafunzo yalipangwa kuanza Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Jumapili ya wiki mbili kabla yake, Adolphine, mke wa Adalbert, alipika bukari, ugali wa huko, na samaki wa Kasenga ili kumpongeza mkwe wao. Walikaa wanne kuzunguka sinia: Adalbert, Constantin, ambaye alikwisha kufanyiwa desturi ya kumfungulia kula mbele ya baba mkwe, André, mdogo wa Constantin, aliyefanya kazi chini sakafuni, pale vyungu vinapopita juu ya vichwa, na jirani yao Donat, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, ambaye naye alikuwa amepita.

“Mi nimekwisha kumuambia bibi yangu,” Donat alisema, “asinipikie tena chakula cha muntu wa koleo. Muntu wa mashine ya juu anakula polepole, anatazama bantu kwa dirisha.”

“Ukitazama bantu, chungu kitamwangukia André,” Constantin alisema, macho yake chini.

“Basi nitamuitia kwanza: André, toka.”

Walicheka, wakala. Adalbert hakuwa na meno ya upande wa kulia, na samaki yule alikuwa na miba. Katikati ya kula mwiba ulimshika, akaacha kula, akauchokoa kwa kidole bila haraka. Alipoinua macho aliona mikono mitatu imetulia juu ya sinia. Mkono wa Constantin ulikuwa na tonge lililokwisha kufinyangwa, umelishika hewani. Adalbert aliuondoa mwiba, akachukua tonge. Mikono mitatu ikashuka. Akaacha kula tena, safari hii bila mwiba. Mikono ikasimama.

“Constantin, umeshiba?”

“Hapana, Baba.”

“Mbona huli?”

Claudine, aliyekuwa akileta maji, alicheka. “Baba, wewe umeacha kula. Atakula namna gani?”

“Na nikikaa hivi saa nzima?”

“Atakaa saa nzima. Si njo bile ulitufundisha?”

Adalbert alilitazama lile tonge lililokuwa hewani. Kisha akaona, kana kwamba amefunguliwa dirisha, chumba kirefu nyuma ya zahanati: mzee benchi la mbele, mkono wake ukiinuka, na nyuma yake mikono mingine, kwa taratibu ile nzuri, mmoja baada ya mwingine. Chakula kilimwishia utamu. Alinawa, na wote wakanawa, ingawa samaki alikuwa bado nusu.

Alipanda baiskeli akaenda mtaa wa Katuba, kwa Mzee Yuma.

Yuma alikuwa mwashi wa matanuru, Mwislamu wa Maniema, mwenye nywele nyeupe tupu. Katika kundi lake yeye ndiye aliyekaa mbele. Alimkuta uani akinoa mwiko wake, na mkewe Kulthumu akipeta mchele.

“Karani, karibu,” alisema Yuma. “Umekuja kunipima tena? Kulthumu, nitafutie miwani yangu. Leo nitashinda.”

“Muzee Yuma, nimekuja na ulizo moja. Siku ile ya mbao, wale vijana waliokuwa nyuma yako walimaliza lini?”

Yuma aliuweka mwiko chini. “Zamani sana.”

“Unasema nini?”

“Nasema balimaliza zamani sana. Mi niko napambana na ile nyota, nasikia nyuma yangu kimya. Kimya ya bantu bamemaliza, Karani, haifanane na kimya ya bantu banafanya kazi. Nimejenga tanuru miaka makumi mbili na tano. Kama nyuma yangu kuko bantu banangojea matofali, najua bila kugeuka. Kila muntu alikuwa na kipande kimoja mukononi, ananingojea.”

“Kwa nini hukusema?”

“Wewe ulisema tusiseme.”

Kulthumu alicheka ndani ya ungo wake. Yuma akaendelea, bila kucheka:

“Nilisikia haya kwa sababu yao. Nikasema, bana ba bantu banachelewa juu yangu, ngoja nikimbie. Njo nikaangusha kipande chini ya benchi. Nikainama kukitafuta, na mugongo huu. Kama ningekuwa na ruhusa ya kusema, ningewaambia: pitieni, batoto bangu. Lakini karani alikuwa amesimama na saa yake, sura kama ya polisi.”

“Na kama ungewaambia, wangepita?”

Yuma aliuokota mwiko wake. “Mbele ya wewe? Hapana.”

Jumatatu asubuhi, kabla Delvigne hajafika, Adalbert alizitoa zile karatasi arobaini sandukuni na kuzipanga juu ya meza, kila kundi mbali na jingine, jinsi ambavyo hazikuwa zimepangwa hata siku moja. Kundi la Yuma: Yuma sabini na moja, kisha sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na tatu, mpaka wa mwisho sabini na sita. Huyo wa mwisho alikuwa fundi wa mitambo wa miaka ishirini na mmoja, aliyejulikana kambini kwa kufungua saa za watu na kuzifunga tena. Kundi jingine, ambalo mzee wake alikuwa seremala, lilianza hamsini na kuishia hamsini na nne. Kundi baada ya kundi, namba zilimfuata mtu mmoja kama wana wanaomfuata baba yao njiani. Jedwali la watu mia tatu na ishirini lilikuwa, kwa kweli, jedwali la wazee arobaini.

Akaketi. Alijua sawasawa lililokuwa mbele yake. Akinyamaza, taarifa ya Delvigne ingeondoka Ijumaa kwa ndege kwenda Ubelgiji, nayo ingesema kwamba mikono ya watu wa Katanga ni mizito kiasi hiki. Na Constantin angekaa kwenye kiti chenye dirisha. Akisema, mstari ungeshuka, na sekunde hamsini na tatu zisingemfikisha mtu popote. Angekuwa yeye, baba wa Claudine, aliyemrudisha mume wa Claudine kwenye koleo, kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alilifanya na ambalo hakuna mwingine aliyeliona.

Delvigne aliingia akining'iniza koti. Adalbert alisimama.

“Bwana, jedwali letu si halali.”

Alimweleza yote, tangu mabenchi mpaka samaki. Delvigne aliinama juu ya meza kwa muda mrefu, kidole chake kikipita kundi hadi kundi. Masikio yake yakawa mekundu.

“Kwa nini hukuniambia kwamba uliwaketisha hivi?”

“Uliniambia niwaketishe nipendavyo. Niliwaketisha kama watu wanavyoketi. Sikujua kwamba nimefanya kitu.”

“Nami sikuuliza.” Delvigne aliketi. “Unajua watakavyolipokea hili kule? Wako watu wanaolisubiri jedwali kama hili. Watasema: tulijua, ni watu wazito. Na jedwali linathibitisha.”

“Jedwali linathibitisha kwamba wana adabu, Bwana. Hatukuwapima kitu kingine.”

Mzungu alimtazama. Kisha akasema polepole: “Mkwe wako yumo kati ya waliopita.”

“Yumo. Hamsini na tatu.”

“Tukipima upya, huenda asipite.”

“Najua hilo, Bwana. Lakini liko neno moja tena, na ni juu ya hilo hilo. Nilipompima mkwe wangu, alikaa mbele ya nani? Baba mkwe wake ndiye aliyeshika saa. Mtu wa kwetu hanyoshi mkono haraka mbele ya baba wa mke wake, wala hamkazii macho. Kwa hiyo hata hamsini na tatu zake sizijui. Wengi wa waombaji wale ni watoto wa rafiki zangu. Mahali nilipo mimi na saa hii, pana mzee benchi la mbele.”

Akauvua uzi mweusi shingoni, akaiweka saa mezani. Ilikuwa imesimama.

Taarifa haikuondoka Ijumaa ile. Mafunzo nayo yaliahirishwa. Walitundika magunia ya mkonge kwenye kamba, wakakigawa chumba kirefu vibanda vinane, kila mtu na ubao wake na ukuta wake wa gunia. Waliingia kwa namba walizookota kofiani, mzee na kijana bila mpango, na Delvigne mwenyewe alishika saa. Adalbert alikaa nje barazani, akiita majina. Mzee Yuma alipotoka alimwambia, “Leo nilikuwa mbovu kabisa, Karani, na hakuna hata mutoto mumoja niliyemuchelewesha. Nimepumuzika.”

Ilichukua wiki tatu. Mstari mpya uliangukia sekunde arobaini na sita. Yule fundi wa saa, ambaye jedwali la kwanza lilikuwa limemwandika sabini na sita, alimaliza kwa ishirini na tisa, na Delvigne alipomwambia, alijibu tu kwamba siku ile ya kwanza alikuwa amepata nafasi ya kusali rozari nusu.

Kisha wale arobaini na mmoja wakapimwa tena, na Delvigne. Kumi na mmoja walirudishwa. Donat alikuwa mmoja wao: sekunde hamsini na nne mbele ya karani, hamsini na tatu mbele ya Mzungu. Constantin alipata arobaini na nane.

Jioni ile Delvigne alimwita Adalbert ndani. “Sekunde mbili,” alisema. “Sikiliza, hakuna kipimo kisichokuwa na makosa yake. Mtu huyu leo ana arobaini na nane, kesho arobaini na tano, kwa sababu tu amelala vizuri. Sekunde mbili ni ndogo kuliko kosa la chombo chenyewe. Naweza kumpitisha, na dhamiri yangu isinisumbue.”

Adalbert alisimama mlangoni na kofia mkononi. Kumkubalia kungekuwa rahisi, na tena si uongo.

“Wako wangapi wengine,” aliuliza, “waliokosa kwa sekunde mbili au tatu?”

Delvigne alitazama karatasi. “Watatu.”

“Basi kosa la chombo ni lao pia, Bwana. Ama uwapitishe wote wanne, ama uwaite wote wanne tena.”

Delvigne alichukua kalamu, akaandika majina manne kwenye karatasi safi. “Septemba,” alisema. “Ninyi wanafunzi wa mapadri mna mioyo ya mawe.”

“Tulifundishwa na Wabelgiji, Bwana,” Adalbert alijibu, akavaa kofia yake.

Claudine alikuja siku ya pili, bila mumewe. Hakuketi. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni, na alisema kwa sauti ya chini, maana hakuwa amelelewa kumpandishia baba yake sauti.

“Baba, nasikia wewe njo ulisema.”

“Ni mimi.”

“Hakuna muntu alikuuliza.”

“Hakuna.”

“Usiku nasikia kifua chake, Baba. Wewe hulale kule. Ulitaka nini? Batundike picha yako kanisani pamoja na batakatifu?”

Adolphine, aliyekuwa akimenya viazi vitamu, alisema, “Claudine.” Lakini Adalbert aliinua mkono amwache.

“Nakujibu,” alisema. “Chungu kile kinapita juu ya André. Kinapita juu ya watu arobaini kila siku. Sijui kama vipande vya mbao vinajua ni nani anayefaa kukiendesha. Bwana Delvigne anasema vinajua, pengine. Lakini kama tunaviuliza, viseme kweli. Mimi nilivifanya viseme uongo, bila kujua. Nilipojua, kama ningenyamaza, ungekuwa uongo wangu. Na uongo huo ungekwenda Ulaya kwa ndege, ukiwa na majina ya watu mia tatu.”

“Mimi ninalo jina moja tu,” Claudine alisema.

“Najua, binti yangu.”

Akaondoka. Adalbert hakuona kwamba ameshinda, wala hakutafuta kushinda.

Constantin alikuja Jumapili. Alipiga magoti kidogo mlangoni, akapiga makofi ya salamu, akaketi ubavu kwa baba mkwe, kama inavyopasa.

“Baba,” alisema akiutazama ukuta, “Claudine amekasirika. Nimemuambia aache. Siku ile kwa meza yako, unajua niliona nini?”

“Uliona nini?”

“Viatu byako. Chini ya meza. Nilipanga zile mbao kwa vidole kama kipofu. Ningeinua macho, ningekutana na ndebu za baba ya bibi yangu.” Akaendelea: “Sikutaka kupita kwa sababu ya viatu. Kwa Musyo Delvigne niliogopa tu saa. Arobaini na nane ile iko yangu. Septemba nitaongeza.”

“Na kama hutaongeza?”

“Koleo nalijua, Baba.”

Septemba mijakaranda ya barabara za Wazungu ilianza kuchanua, na wale wanne wakaitwa. Watatu walipita. Constantin alipata arobaini na nne. Yule wa nne alirudi kazini kwake, akisema kwamba sasa angalau anajua.

Adalbert hakurudishiwa saa. Delvigne alimwandikia barua nzuri, iliyosema kwamba ametoa mchango mkubwa, kisha akamhamishia chumba cha kutunzia karatasi, ambako hapakuwa na watu wa kupima wala wa kuketisha. Kijana kutoka Kasai alivaa ule uzi mweusi. Donat, kwa upande wake, aliacha kumsalimu. Kanisani waliendelea kusimama safu moja katika kwaya, bega kwa bega, Donat akiimba sauti ya nne kwa nguvu kuliko zamani, macho mbele. Adalbert alimsalimu kila Jumapili, na kila Jumapili hakuitikiwa. Hakumlaumu.

Oktoba, Jumapili moja, Claudine mwenyewe alipika. Alimletea baba yake maji ya kunawa bila neno, lakini aliyaleta mwenyewe, na yalikuwa ya vuguvugu. Walikaa watatu kuzunguka sinia, Adalbert, Constantin na André. Ilikuwa saa saba kasoro robo, na Constantin alikuwa amekwisha kuvaa nguo za kazi, maana zamu yake juu kule ilianza saa nane, na toka hapo mpaka kiwandani ni mwendo.

Samaki walikuwa na miba. Adalbert alichukua tonge la kwanza, na mikono miwili ikamfuata. Akasikia mwiba, akataka kuacha kula. Aliutazama mkono wa mkwe wake ukianza kupunguza mwendo, tayari kungoja.

Akaumeza ule mwiba pamoja na bukari, akachukua tonge jingine, kubwa, na jingine tena, akitafuna upande wake mmoja wenye meno upesi kadiri alivyoweza.

“Baba, pole pole,” Claudine alisema. “Kuna nini?”

“Kula,” Adalbert alimwambia Constantin, kinywa kimejaa, yeye ambaye hakuwa amesema neno na chakula mdomoni tangu shule ya mapadri. “Kula, mwanangu. Utachelewa.”